Klorini Chini ya Macho ya Majirani

Vijijini Busia, magharibi mwa Kenya, chemchemi nyingi zimo ndani ya mashamba ya watu, na mila inamtaka mwenye shamba asimnyime jirani maji wala asimtoze. Ni mila njema, ila asiyetoza hana la kumsukuma anunue saruji. Mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walifuatilia chemchemi zilizojengewa zikafunikwa ili maji yatoke kwenye bomba, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2011. Uchafuzi wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale chemchemini, lakini nyumbani kwa asilimia 24 tu. Hapo ndipo penye fundisho kubwa. Maji yaliyotoka safi huchafuka kwenye jerikani, kwenye mtungi, kwenye kata iliyochovywa na mkono wa mtoto. Kamati ya maji inayolinda chanzo peke yake huyaacha maji yakiwa bado njiani.

Dawa ya kutibu maji nyumbani ilikuwapo madukani kwa bei nafuu, na bado walioinunua walikuwa wachache mno. Kilichobadili mambo ni kisanduku cha klorini kilichosimikwa kando ya chemchemi. Mtekaji anaweka jerikani tupu ya lita 20 chini yake, anazungusha vali, mililita 3 zinadondoka, kisha anateka. Maji yakijaa yanajichanganya yenyewe, nusu saa inayohitajika inapita akiwa njiani, na klorini inayobaki inapambana na ule mkono wa mtoto. Barazani wanakijiji huchagua mhamasishaji wa kukijaza na kuripoti kikiharibika. Matumizi yalipanda mara kadhaa. Klorini ya kisanduku kutolewa bure ni sababu mojawapo, lakini naamini mahali palipochaguliwa pana uzito uleule: uamuzi uliokuwa umejificha jikoni ukahamia hadharani, na asiyezungusha vali anaonekana na jirani aliye nyuma yake kwenye foleni. Zaidi ya hayo, dawa ya kupimia hugeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kukagua.

Wapo wanaosema huku ni kuitwisha jamii mzigo wa serikali. Wana haki ya kuuliza, kwani Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la kaunti. Lakini afisa wa kaunti hawezi kukaa kwenye kila chemchemi alfajiri watu wakiteka, ilhali majirani wapo. Wasichokuwa nacho majirani ni gari la kuleta klorini na maabara. Klorini haiondoi floridi, haiui kimelea cha kriptosporidiamu kwa kipimo hicho, na maji yenye tope huimaliza nguvu. Kijiji hakiwezi kugundua floridi wala kimelea hicho kwa macho, na kukiachia peke yake ni kukitelekeza.

Ndiyo maana bajeti ya kaunti ningeisoma kwa kutafuta kwanza fungu la kujaza visanduku, kabla ya fungu la kuvijenga. Kisanduku kikikaa kikavu wiki mbili, watekaji huzoea kukipita, na mhamasishaji asiyelipwa ndiye anayebaki kujibu maswali yao.