Mcheza Ugenini Hutunzwa na Nani? Juu ya Kuchagua Ngoma Katika Tamasha

Kila tamasha kubwa la muziki na ngoma humtia mtazamaji katika shida moja ambayo ni nadra kuandikwa: macho ni mawili, usiku ni mmoja, na vikundi ni vingi. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza shida hiyo, kwa kuwa tunaamini kwamba kuchagua kikundi cha kutazama ni sehemu ya uhakiki. Mtu huanza kuhukumu sanaa pale anapoamua akae wapi na aondoke saa ngapi.

Tuanze nyumbani. Sisi wa Naipingo, baina ya Nachingwea na Ruangwa, hatukulelewa katika matamasha. Ngoma zetu zilifuata majira. Mvua zilipokwisha, na mahindi na karanga kuingia ghalani, ndipo sherehe za jando na unyago zilipofanyika, na ngoma zikasikika kijiji kwa kijiji. Yako mambo ya sherehe hizo yaliyokuwa siri ya wahusika, lakini ziko pia ngoma za hadhara, na katika hizo hakuna aliyeuliza atazame ipi. Jamaa wa mwari walikwenda kwa mwari wao, jirani alialikwa, mpita njia alisimama pembeni, na baada ya muda akaitikia wimbo pamoja na wengine. Hivyo ndivyo Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wa sehemu hizi walivyojuana ngoma. Waliposema wahenga kwamba mcheza kwao hutunzwa, walikuwa na maana hiyo: atunzaye anamjua achezaye, anawajua wazazi wake, na anajua kwa nini ngoma imepigwa siku ile.

Tamasha limeugeuza mpango huo. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika miaka iliyofuata Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilizikusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzipandisha jukwaani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tamasha lake likaanza mwaka 1982. Leo chuo hicho ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko Unguja, Sauti za Busara ilianza mwaka 2004, na Ngome Kongwe ndiyo iliyokuwa makao yake makuu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, safari ya mtu wa kusini kwenda huko imekuwa nyepesi kuliko zamani. Lakini afikapo hana ujamaa wala ujirani wa kumwongoza. Ana ratiba tu, nayo humpa jina, saa na jukwaa.

Watazamaji wengi hushika mojawapo ya njia tatu.

Wa kwanza hufuata jina. Hatusemi kwamba jina kubwa ni kosa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alikuwa na jina lililovuka bahari, na alilistahili. Hata hivyo, ilimba ni ala itakayo sikio la karibu na kimya cha msikilizaji. Aliyevutwa na jina tu, akasimama nyuma akizungumza na wenzake, alirudi na habari za kuwa alimwona, wala hakumsikia.

Wa pili hukimbia kutoka jukwaa hadi jukwaa ili asikose kitu. Huyu ndiye mshika mbili ambaye moja humponyoka. Ngoma nyingi huanza polepole: ngoma ndogo huita, kubwa hujibu, na mwimbishaji hujaribu sauti yake. Aondokaye baada ya dakika tatu ameuona mlango, nyumba hakuingia.

Wa tatu hutazama ya kwao tu. Kosa hili ni letu sisi watu wa kusini. Ikitangazwa Sindimba ya Wamakonde, tunakimbilia mbele na kupiga vigelegele kabla haijaanza. Sindimba ya jukwaani imekwisha kupitia mikono ya Kikundi cha Taifa na ya walimu wa shule. Fani imebaki kwa kiasi kikubwa, lakini tukio lililoipa maudhui yake halipo pale. Mgeni hawezi kulijua pengo hilo. Sisi tunaweza, na kwa hiyo tuna wajibu wa kuuliza kilichopunguzwa ni nini na kilichoongezwa kina faida gani. Tukishangilia tu, tumeitupa nafasi yetu ya kuhakiki.

Ushauri wetu ni huu. Kwa usiku mmoja chagua vikundi viwili: kimoja ambacho ngoma yake unaijua, ili uweze kuipima, na kimoja usichokijua kabisa, ukae nacho mpaka mwisho. Huko kwa wageni fanya kama yule mpita njia wa kwetu: tulia, kisha itikia.

Huenda mtu akatwambia kwamba amelipa kiingilio chake, na amekuja kustarehe, si kufanya mtihani. Hatumkatazi starehe. Sisi wenyewe, katika tamasha moja, tuliwaacha wanawake wazee waliokuwa wakianza wimbo wao taratibu, tukakimbilia kikundi chenye sifa. Asubuhi tuliambiwa kwamba wazee wale walicheza hadi waliobaki wakasimama wote. Tuliambiwa pia kwamba waliobaki walikuwa wachache mno. La kwanza lilikuwa hasara yetu. La pili lilikuwa kosa letu. Kikundi kilichochezea viti vitupu hurudi kwao na habari hiyo, na kijana aliyekuwa akitaka kujifunza ngoma ile huisikia.

Walimu wanaweza kulianza somo hili bila safari. Siku ya maonyesho ya shule, kila mwanafunzi na aandike alichagua ngoma gani, aliiacha ipi, na kwa sababu gani. Atagundua kwamba sababu za kuiacha ngoma ni ngumu zaidi kuzitetea. Mcheza kwao hutunzwa na jamaa zake. Mcheza ugenini hana wa kumtunza ila yule aliyeamua kukaa.