Saa ya Babu na Sikio la Fundi

Wageni wanaolala kwetu Malindi, Unguja, huamka na swali moja: "Mnalalaje na saa hii?" Wana haki. Kwa siku moja hugonga mara 180, ukihesabu kengele za kila saa na ile moja ya kila nusu, na mlio wa mwendo wake husikika mpaka jikoni. Niliirithi kwa babu pamoja na ufunguo wake wa shaba. Wiki ya kwanza nilitamani kuifunika blanketi.

Kabla sijaifunika, ikasimama. Niliiona imekaa upande, nikainyoosha ilingane na dari. Usiku ule ule ikanyamaza. Nikamwita fundi saa, mzee aliyeijua tangu babu yu hai. Hakutoa hata bisibisi. Alilisukuma timazi, akafumba macho, akasikiliza.

"Inachechemea," akasema.

Ndipo nami nikasikia: tik, kisha kimya kirefu, kisha tak-tik za haraka, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Akaisogeza kitako kidogo kidogo mpaka hatua zikalingana, akachora alama ya penseli ukutani. "Mwanangu, saa hii hainyooshwi kwa jicho. Hunyooshwa kwa sikio."

Siku hiyo nilielewa kelele ile ni nini. Tangu Mholanzi Christiaan Huygens alipobuni saa ya timazi mwaka 1656, kazi ya timazi ni kuipimia kamani nguvu zake. Kila likiyumba, jino moja la gurudumu huachiwa na jingine hukamatwa. Kamani isingezuiliwa hivyo, ingefunguka yote kwa mkupuo na akrabu zikazunguka kama feni. Tik-tak ni sauti ya kujizuia.

Lakini ufundi mkubwa wa mzee yule uko kwenye kengele. Sisi huku karibu na ikweta jua hutuchomozea karibu wakati ule ule mwaka mzima, na hesabu yetu huanzia hapo: saa ya kwanza ya mchana ikitimia, ni saa moja. Uso wa saa hii ya kizungu, wakati huo, unaonyesha saba. Bibi, ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu, aliihesabu saa kwa kengele, na kengele saba asubuhi zilimuudhi. Babu, kwa upande wake, alizitaka akrabu zifuate saa za ofisini.

Fundi akawapatanisha. Katika saa za aina hii, idadi ya mapigo hutawaliwa na gurudumu lenye mapengo yaliyoachana kwa mpango, na gurudumu hilo halijui akrabu ziko wapi. Kwa kawaida, kengele na akrabu zikiachana, huo huhesabiwa ugonjwa. Yeye aliufanya dawa: akainua kijiti cha ndani, akaigongesha kengele hatua kwa hatua bila kugusa akrabu, mpaka mapigo yakawa mbele kwa saa sita. Tangu hapo akrabu zikionyesha saba, kengele hugonga moja. Babu alisoma, bibi alisikia, na hakuna aliyemwita mwenzake mkosa.

Mgeni hubabaika zaidi asubuhi, maana husikia kengele moja mara tatu mfululizo: saa kumi na mbili na nusu, saa moja, saa moja na nusu. Sisi wa nyumbani tunajua tuko wapi.

Hapa Unguja hata Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilipoteza mnara wake wa saa sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020. Mnara una picha na vipimo. Waweza kujengwa tena. Lakini sikio la fundi huyu halikuchorwa popote, na kwenye meza yake hakai mwanafunzi hata mmoja. Mwenye kijana mtulivu, asiyechoka kusikiliza, ampeleke. Na aliyerithi saa iliyokaa upande, asiinyooshe.