Kununua au Kukodi Kitabu?

Wengi wetu tumesoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Nakala ya karatasi ikishanunuliwa, muuzaji hana tena mamlaka juu yake. Haikuwa hivyo kwa waliokinunua kitabu hicho kwa Kiingereza ili wakisome katika kifaa cha Kindle. Julai 2009, kampuni ya Amazon ilikifuta katika vifaa vya wateja, pamoja na Nineteen Eighty-Four, riwaya nyingine ya George Orwell, inayosimulia dola linalofuta habari za zamani.

Utetezi upo: aliyeviweka sokoni hakuwa na hakimiliki, na wateja walirudishiwa fedha. Hoja hiyo inalinda haki ya mwandishi, lakini haigusi haki ya msomaji. Duka likigundua kwamba limeuza kitabu cha wizi, haliingii nyumbani kwa mnunuzi kukichukua. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alibaki na madondoo yake bila kurasa alizokuwa akizirejelea. Jeff Bezos, mkuu wa kampuni wakati huo, aliomba radhi, lakini radhi haikuondoa uwezo wenyewe wa kufuta.

Kasoro kubwa basi imo katika neno "nunua". Kufuli linalomzuia msomaji kunakili humzuia pia kujiwekea nakala ya akiba, na ufunguo hubaki kwa muuzaji. Huko ni kukodi. Kuitwe hivyo, ili wanafunzi na maktaba wajue wanacholipia.