"Jadidifu", "Mbadala" na Kuni za Zirai

Katika maandishi ya utafiti wa nishati na mazingira, istilahi mbili hutumiwa kana kwamba ni moja: nishati jadidifu na nishati mbadala. Kwa maoni yetu huo ni upotofu, na madhara yake hayaishii karatasini.

Mbadala ni kile kinachoshika nafasi ya kingine. Gesi ya mitungi ni mbadala wa kuni, lakini asili yake ni ardhini, na ikishachomwa hairudi. Basi ni mbadala, wala si jadidifu. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, umefanya vyema kuchagua neno "safi", lisilodai zaidi ya linachobeba.

Wako wanaolipinga neno "jadidifu" kwa sarufi. Haribifu, wasema, ni chenye kuharibu. Kwa hiyo jadidifu ni chenye kujadidi vingine, si chenye kujadidika. Hoja hiyo haitutoshi. Uso mkunjufu ni uso uliokunjuka, haukunjui kitu. Neno na libaki.

Kasoro imo katika fasili. Iliyozoeleka hutaja jua, upepo na maji, ikanyamaza. Sasa tutazame Zirai, katika milima ya Usambara. Mama anayepunguza matawi ya miti aliyoipanda mwenyewe kando ya shamba anapikia nishati jadidifu, kwani tawi litachipua. Anayeangusha mti mkongwe wa msituni hapikii nishati hiyo, ingawa jikoni moto ni mmoja. Mtafiti akiuliza katika hojaji, "Je, unatumia nishati jadidifu?", wote wawili watajibu hapana, na yule wa kwanza atahesabiwa miongoni mwa waharibifu wa msitu. Ushauri utakaotolewa juu ya hesabu hiyo utamwangukia yeye.

Twapendekeza fasili hii: nishati itokanayo na chanzo cha asili kinachojirudisha kwa kasi isiyopungua ile ya kutumiwa. Kwa fasili hiyo kuni huingia au hutoka kwa kadiri zinavyovunwa.

Kuhusu "endelevu" tuna neno moja tu: si kila kinachoendelea ni endelevu. Ukataji wa misitu nao umeendelea miaka mingi.

Wasomaji wetu wa milimani, hasa wasemao Kisambaa, tunawaomba watuletee majina wanayozitofautishia kuni hizo mbili, kama yapo.