Majalla na Ukuta Usiorudishika

Tunapotaka kuonesha kwamba fiqhi inatosheleza mambo ya biashara, haraka huitaja Majalla, kanuni ya Dola ya Uthmaniya iliyotolewa kati ya 1869 na 1876 chini ya Ahmed Cevdet Pasha, yenye vifungu 1851. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini sifa isiyopimwa humdhuru mwanafunzi, na kesho yeye ndiye atakayeitwa kusuluhisha ugomvi wa fundi na kamati ya msikiti.

Tuchukue istisnai, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu kwa vifaa vyake. Zufar aliikataa kwa qiyasi, kwa kuwa ni kuuza kisichokuwepo. Wenziwe wa Kihanafi wakaikubali kwa istihsani. Hata hivyo Imam Abu Hanifa alimwachia mwagizaji khiyari ya kukataa akishakiona kitu, ijapokuwa kimetengenezwa sawasawa. Fikiria hasara ya fundi! Majalla, kifungu cha 392, ikafuata rai iliyonasibishwa na Abu Yusuf: mkataba ukishafungwa hakuna wa kurudi nyuma, na khiyari ipo pale tu kitu kinapokwenda kinyume na sifa zilizoafikiwa.

Kasoro yaanzia hapo. Mifano ya kifungu cha 388 ni kama viatu, mashua na bunduki, vitu ambavyo mwagizaji akivikataa fundi atavichukua akauze kwingine. Je, ukuta uliosimama kwenye kiwanja changu, wenye nondo pungufu, nitamrudishia vipi? Mwenye nyumba anahitaji kurekebishiwa kazi au kulipwa hasara. Na fundi naye yuko matatani. Kifungu cha 482 kinamruhusu mshonaji au mpaka rangi nguo kuzuia nguo mpaka alipwe ujira wake. Mwashi atazuia nini?

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah imesogea mbele. Azimio lake la 1992 liliruhusu sharti la fidia dhidi ya fundi anayechelewa, isipokuwa kwa dharura iliyo nje ya uwezo wake. La 2000 likasema fidia ni ya hasara ya mali iliyotokea kweli, wala sharti hilo haliingii kwenye deni, kwani hiyo ni riba. Hukumu ni sahihi, bali imamu asome matokeo yake: fundi akichelewa hutozwa, kamati ikichelewesha malipo haitozwi. Basi kinga ya fundi ni malipo kwa awamu, msingi ulipwe kabla ya kuta, kuta kabla ya paa, na yote yaandikwe kama Suratul Baqara aya ya 282 inavyoelekeza.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika tahkimu. Kifungu cha 1847 kinampa kila upande uwezo wa kumwondoa hakamu wakati wowote kabla hajahukumu, ila kama kadhi amemwidhinisha. Azimio la Majmaa la 1995 limebana zaidi: haki ya kujitoa ipo kabla hakamu hajaanza kazi. Naliona hili ndilo la kufuatwa. Niliwahi kukaa na wazee watatu katika shauri la paa la madrasa. Tumeshapima mbao, tumeshasikiliza mashahidi, na asubuhi ya hukumu mwenyekiti wa kamati akatuma salamu kwamba wametuondoa. Walishajua kinachokuja. Fundi alikuwa ameketi barazani na daftari lake.