Riwaya ya Wema Darasani: Mwongozo wa Kutambua Somo Bora Kawangware na Kibera

Kufundisha kusoma na kuandika kwa kutumia riwaya ya watoto ni ufundi, na ufundi huo una alama ambazo jicho lililozoea huzitambua mapema, kabla ya mtihani kusema lolote. Mwongozo huu umekusudiwa mzazi, mwalimu mkuu au msimamizi wa maktaba ya jamii anayeingia katika darasa la Kawangware 56 au la Kibera, jijini Nairobi, ambako shule za serikali na shule ndogo za jamii za kuta za mabati huwapokea watoto wa mitaa ileile, na ambaye angependa kujua kama somo analolitazama lina ubora wa kweli au lina kelele tu. Riwaya ya wema, kwa maana inayotumika hapa, ni hadithi ndefu ya kubuni iliyogawanywa katika sura, ambamo mwelekeo wa mambo hubadilishwa na mtu aliyeamua kumjali mwenzake wakati ambapo kutomjali kungekuwa rahisi zaidi.

Alama ya kwanza ni kitabu chenyewe. Wema usio na gharama hauzai riwaya, huzaa tangazo, na mwalimu hodari hulitambua jambo hilo anapochagua. The Mzungu Boy ya Meja Mwangi, mwandishi aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1948, inafaa kwa sababu urafiki wa Kariuki, mtoto wa mpishi, na Nigel, mjukuu wa mlowezi, unakua ndani ya Kenya ya enzi ya Mau Mau, wakati ambapo urafiki wa aina hiyo ulikuwa hatari kwa kila aliyehusika nao. Wonder ya R. J. Palacio, iliyotoka Marekani mwaka 2012, inafaa kwa sababu nyingine: kisa cha August, mvulana mwenye uso usio wa kawaida anayeingia shuleni kwa mara ya kwanza, husimuliwa na wasimulizi sita kwa zamu, akiwemo dada yake, hivyo msomaji hulazimika kuliona jambo moja kwa macho ya watu wengi. Kipo pia kitabu cha kuepukwa, nacho ni kile ambacho mtoto maskini hana kazi nyingine ila kupokea. Watoto wa Kibera wamewaona wageni wengi wakija na misaada na kamera, na riwaya inayowarudisha katika nafasi hiyo ya kushukuru tu huwafundisha kwamba wema ni mali ya watu wengine. Kitabu bora humpa mtoto wa hali ya chini uwezo wa kutoa, kukataa, kukosea na kuomba radhi.

Alama ya pili ni namna kitabu kinavyosomwa. Maandishi ya Kiswahili yanalingana na matamshi kwa karibu sana, kiasi kwamba mtoto aliyezimudu silabi anaweza kuutamka ukurasa mzima kwa sauti safi bila kuelewa chochote, na mgeni asiye makini akatoka darasani akiwa ameridhika. Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika madarasa ya chini ya shule za msingi za Kenya, ulisaidia kuwafikishia watoto vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza na kuwaongoza walimu katika mafunzo ya sauti na silabi. Kazi inayobaki kwa riwaya, katika gredi za juu kidogo, ni kumtoa mtoto kwenye utamkaji na kumwingiza kwenye maana. Mahali pazuri pa kulipima hilo ni penye maneno yanayokaribiana. Mhusika anayemcheka mwenzake anamdhihaki, na mhusika anayemchekea mwenzake anamwonyesha uso wa furaha. Herufi chache hutenganisha ukatili na ukarimu, na darasa zuri husimama hapo, likaisoma sentensi upya, likauliza mhusika alifanya lipi kati ya hayo mawili. Darasa dhaifu hupita mbio ili limalize sura kabla ya kengele.

Uhaba wa vitabu si kisingizio cha somo baya. Nakala moja ikisomwa na mwalimu kwa sauti iliyopimwa, aya moja ikinakiliwa ubaoni kwa hati safi, na wanafunzi wakaiandika aya hiyo kwa imla, yaani kwa kuisikia na kuiandika neno kwa neno, kazi huenda mbele vizuri. Nakala za ziada hupatikana kwa bei nafuu kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara za jijini, ilhali kukitoa kivuli kitabu kizima ni kuivunja sheria ya hakimiliki na kumnyima mwandishi haki yake, jambo ambalo haliendani na somo la wema.

Maswali ya mwalimu yanahitaji sikio kali. Swali la kuuliza nani alifanya nini ni la lazima, lakini likiwa ndilo pekee, somo limekwama kwenye kumbukumbu. Swali lenye thamani humtaka mwanafunzi arudi kitabuni na kuweka kidole kwenye sentensi: ni wapi panapoonyesha kwamba mhusika huyu aliogopa kabla ya kusaidia? Jambo jingine la kutazama ni wakati ambao neno wema linatajwa. Mwalimu anayelitaja mwanzoni, akaliandika kwa chaki ya rangi na kuwataka watoto waliimbe, amekwisha kuwapa jibu kabla ya kusoma. Mwalimu mwenye subira hulificha hadi wanafunzi wenyewe watakapolihitaji ili kueleza walichokiona. Mtaala wa umilisi, ule unaopima kile mwanafunzi anachoweza kutenda, unataja upendo, heshima na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kukuzwa shuleni, na ni rahisi sana orodha hiyo kugeuzwa bango la ukutani.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo ubora hujifichua kama katika uandishi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, uliipa insha alama 40, na kwa muda wote huo ilistawi desturi ya kukariri mafungu ya maneno: jua lilichomoza vivyo hivyo katika kila insha, methali tatu zikapachikwa katika aya moja, na msichana yeyote aliyetajwa alikuwa mrembo kwa tashbihi ileile. KCPE imeondoka, lakini desturi hiyo imebaki katika madaftari mengi. Insha iliyotokana na somo zuri la riwaya hutambulikana kwa kuwa na kitu kimoja mahususi ambacho hakingeweza kuandikwa na mtoto mwingine, kwa mfano kijana anayemsukumia mama mboga mkokoteni wakati wa mvua huku akijua kwamba atachelewa shuleni na kwamba sababu yake haitaaminiwa. Hapo wema una uzito, una saa, una tope, na hauhitaji methali.

Sarufi ndiyo chombo cha kufikia hapo. Kauli ya kutendea, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu au kumwelekea, imebeba sehemu kubwa ya yale ambayo riwaya ya wema inayazungumzia: kumbebea, kumsomea, kumsubiria, kumpunguzia. Mwalimu fundi huchukua aya iliyojaa sifa, isemayo kwamba mhusika alikuwa mpole, mkarimu na mwenye huruma, akawataka wanafunzi waziondoe sifa zote na kuweka mahali pake vitenzi vya kauli hiyo. Aya huwa fupi zaidi, na msomaji huuona upole bila kuambiwa. Zoezi la pili, linalotokana moja kwa moja na muundo wa Wonder, ni kuiandika upya sura moja kwa sauti ya mhusika aliyetenda ubaya. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mtoto hawezi kulitimiza bila kumsikiliza mtu asiyempenda. Likifanywa vizuri, mchokozi hupata sababu zake bila kupata udhuru, na tofauti hiyo ndogo ni kipimo cha juu kabisa cha uandishi wa mtoto.

Kuhusu Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi ambayo ndiyo wengi wa watoto hawa hucheza na kugombana kwayo, kuipiga marufuku kabisa ni kosa. Usimulizi uwe katika Kiswahili sanifu, na mhusika wa mtaani aruhusiwe kuamkua kwa niaje ndani ya alama za usemi, kwa sababu mwanafunzi anayejua ni wapi pa kubadilisha sauti ameelewa jambo kubwa kuhusu lugha. Masahihisho nayo yana adabu yake. Daftari lililojaa wino mwekundu tangu mstari wa kwanza humfundisha mtoto kuandika sentensi fupi zisizo na hatari, ilhali mwalimu anayechagua kosa la aina moja kwa kila insha na kuomba rasimu ya pili hupata maandishi yanayokua.

Kuna alama moja ya mwisho ambayo haivumilii udhuru wowote. Adhabu ya viboko iliondolewa shuleni Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaikataza waziwazi. Somo la wema linaloendeshwa chini ya fimbo, au linalomsimamisha msomaji dhaifu achekwe na wenzake, limefeli hata kama kila insha imepata alama za juu. Vilevile, mtoto asishurutishwe kuandika juu ya njaa ya nyumbani kwake ili darasa lihuzunike. Hadithi ya kubuni ipo ili aweze kusema ukweli akiwa amejisitiri.

Kwa hiyo mzazi au mgeni afikapo shuleni asiridhike na mabango wala nyimbo za kumpokea. Aombe madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja wa kiwango cha wastani, la mwanzo wa muhula na la mwisho wake, aketi na kuyasoma. Sifa zikiwa zimepungua na matendo yakiwa yameongezeka, mwalimu huyo anastahili kupewa vitabu zaidi.