Afisa Asiye na Jina: Uhakiki wa Ulinganisho wa Polybius kati ya Falanga na Lejioni

Mwaka 167 K.K., baada ya Roma kuishinda Makedonia, Wagiriki wapatao 1,000 wa Shirikisho la Akaya walipelekwa Italia kama mateka. Mmoja wao alikuwa Polybius, aliyewahi kuongoza wapandafarasi wa shirikisho hilo. Katika Historia yake ya vitabu 40 alitaka kueleza jinsi Roma ilivyoitiisha karibu dunia yote iliyojulikana katika muda usiofika miaka 53. Makala hii inahakiki sehemu fupi ya kitabu cha 18, anapolinganisha falanga ya Makedonia na lejioni ya Roma. Ninadai kwamba masimulizi yake ya vita yanatufundisha mengi kuliko nadharia anayoijenga juu yake.

Tuanze na ubora wa kazi. Polybius hatumii maneno matupu ya sifa, anahesabu. Falanga ilikuwa kundi la askari wa miguu waliosongamana, kwa kawaida safu 16 kutoka mbele hadi nyuma, kila mmoja akishika kwa mikono miwili mkuki mrefu ulioitwa sarisa. Anasema sarisa ilikuwa na urefu wa dhiraa 14, na dhiraa 10 kati ya hizo zilitokeza mbele ya aliyeishika. Kwa hiyo ncha za safu tano za kwanza zilitangulia mbele ya askari wa mstari wa kwanza. Mrumi alihitaji nafasi ya kuzungusha upanga na kusogeza ngao, hivyo alisimama peke yake akikabili maadui wawili na ncha kumi. Msomaji haambiwi kwamba falanga ilitisha. Anaonyeshwa kwa hesabu.

Kwa nini basi falanga ilishindwa? Jibu la Polybius ni kwamba ilihitaji uwanja tambarare usio na mitaro, miti, vilima wala mito, na uwanja wa namna hiyo ni adimu. Zaidi ya hayo, askari wake hawakuweza kugeuka wala kupigana mmoja mmoja. Lejioni, iliyokuwa na watu wapatao 4,200, iligawanywa katika mistari mitatu ya askari wazito, na kila mstari katika vikosi vidogo kumi vilivyoitwa manipuli. Sehemu moja ilipigana, nyingine ikabaki kuwa akiba.

Hoja hii ina nguvu, lakini ina nyufa mbili. Kwanza, Polybius anatumia vipimo viwili. Akikumbuka kwamba Hannibal aliwashinda Warumi mara nyingi, anasema ushindi huo ulitokana na ustadi wa jemadari, si silaha wala mpangilio. Wagiriki wanaposhindwa, mpangilio unageuka kuwa sababu kuu. Pili, anaipima falanga kana kwamba ilipigana peke yake. Alexander alipowashinda Waajemi huko Gaugamela mwaka 331 K.K., falanga ilifanya kazi pamoja na wapandafarasi, nao ndio waliopiga pigo la kuamua. Kuihukumu falanga bila wenzake ni kama kuhukumu mkono uliotengwa na mwili.

Tuyapime haya kwa vita anavyosimulia yeye mwenyewe katika kitabu hichohicho, vya Cynoscephalae huko Thessaly, mwaka 197 K.K. Majeshi ya Philip V na Flamininus yalikutana vilimani, siku ya ukungu. Mrengo wa kulia wa Philip uliwasukuma Warumi chini ya mteremko. Mrengo wake wa kushoto ulikuwa bado unafika na kujipanga, na Flamininus akautawanya kwa kutanguliza tembo. Tembo hao, walioamua nusu ya vita, hawapati nafasi katika ulinganisho.

Kisha linatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha sehemu yote. Tribuni mmoja, afisa aliyekuwa katika mrengo ulioshinda, aliona kwamba kazi upande wake imekwisha. Akachukua manipuli zisizozidi 20, akageuka, akawashambulia Wamakedonia kwa nyuma. Vita vikaisha hapo. Polybius anasema afisa huyo aliamua papo hapo, lakini hatuambii jina lake.

Je, huyu anaithibitisha nadharia ya mpangilio, au anaipinga? Naona anaisahihisha. Manipuli hazikugeuka zenyewe, mtu alizigeuza. Lakini mtu huyo asingeweza kugeuza falanga hata kama angekuwa na akili mara kumi. Mpangilio wa Kirumi haukuchukua nafasi ya uamuzi wa mtu. Uliupa uamuzi wa afisa wa chini mahali pa kufanyia kazi. Polybius alikuwa na kipande cha pili cha hoja hii mkononi. Katika kitabu cha 6 anaeleza kwamba Warumi walipochagua maakida wa manipuli hawakutafuta wajasiri wa kukimbilia hatari, bali watu watulivu wanaojua kuongoza na kushikilia nafasi yao. Laiti angeviunganisha vipande hivyo, asingehitaji vipimo viwili.

Hata hivyo, uaminifu wake ni wa kuheshimiwa. Anasimulia kwamba baadhi ya Wamakedonia waliinua sarisa zao wima, desturi yao ya kusalimu amri, na kwamba baadhi ya Warumi waliwashambulia hata hivyo. Anajua pia kwamba Wagiriki wenzake waliona kushindwa kwa falanga kuwa jambo lisiloaminika, lakini hawabembelezi kwa kusingizia bahati mbaya. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Polybius alikubali, kisha akauliza sababu. Jibu lake lina kasoro, lakini ametuachia ushahidi wa kutosha kuionyesha kasoro hiyo, na wanahistoria wengi hawatuachii hata huo.